Kumfundisha Mtoto Kugombana Bila Kuvunja Heshima: Mwongozo Kamili kwa Mzazi na Mlezi

"Mama! Amenipokonya!"

"Muongo! Yeye ndiye kaanza!"

Mwenye watoto zaidi ya mmoja anaijua sauti hiyo, na anajua kinachofuata. Unaacha ulichokuwa unafanya, unaingia chumbani, unauliza "Nani kaanza?", unasikiliza nusu ya maelezo, unatoa hukumu. Mmoja analia, mwingine anacheka chinichini, na haipiti dakika kumi mko palepale. Nilikuwa hakimu wa namna hiyo kwa miaka kadhaa. Kilichonigutusha ni siku niliyomsikia binti yangu akimwambia mdogo wake, kwa sauti yangu kabisa: "Sitaki kusikia maelezo yako. Lete hapa."

Hakuyaokota barabarani maneno yale. Aliyachukua kwangu.

Tangu siku hiyo nimebadilisha kazi yangu pale wanapogombana. Mara nyingi mtoto anayepiga, kutukana au kununa hajakosa adabu, amekosa maneno. Hasira imempanda na hana kingine cha kuitolea. Kazi ya mtu mzima basi ni kumpa maneno hayo, na kumpa kabla hajayahitaji. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: mwanzo ni wewe, kisha siku za amani, kisha ugomvi wenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu heshima

Wengi wetu tulilelewa tukijua kuwa mtoto mwenye heshima ni yule anayenyamaza. Silikubali hilo. Mtoto anayenyamaza kila anapoonewa hajajifunza heshima, amejifunza woga, na woga huo atakwenda nao ukubwani. Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989 unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Haukusema maoni yake ndiyo yatakayoamua. Ulichosema ni kwamba asikilizwe.

Kwa hiyo ninapoandika "heshima" hapa nina maana ya mambo mawili yanayokwenda pamoja: mtoto aseme lake lote, na aliseme bila kumdhalilisha aliye mbele yake.

Ujue unazungumza na mtoto wa umri gani

Mtoto wa miaka 2 au 3 hawezi kufanya mazungumzo ya suluhu. Anachoweza ni maneno mafupi: "Acha." "Yangu." "Zamu yangu." Mfundishe hayo, na wewe ukae karibu ushike mkono kabla haujapiga.

Karibu na miaka 4 kunatokea jambo kubwa. Mwaka 1983 watafiti Heinz Wimmer na Josef Perner waliwasimulia watoto kisa cha mvulana aliyeweka chokoleti yake mahali, akatoka, na mama yake akaihamisha. Je, mvulana akirudi ataitafuta wapi? Watoto wa miaka 3 walielekea kuonyesha pale ilipohamishiwa, kana kwamba wanachokijua wao na mvulana anakijua. Wakubwa zaidi walianza kuelewa kwamba mtu mwingine anaweza kuwa na picha tofauti kichwani mwake. Kabla ya uwezo huo kukomaa, kumuuliza mtoto "Unadhani mwenzako anajisikiaje?" ni kumpa mtihani wa darasa ambalo hajafika. Mwambie wewe: "Mwenzako analia. Ameumia."

Kuanzia miaka 6 au 7 wengi wanaweza kupitia hatua zote zilizo hapa chini wakisaidiwa, na kufikia miaka 10 waanze kuzipitia wenyewe. Umri huu si sheria. Kuna wa miaka 5 anayemzidi wa miaka 9.

Hatua ya kwanza: kinywa chako

Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kupulizwa huku akimtolea maneno ya ukali. Baadaye watoto hao walipoachwa na mwanasesere yuleyule, wengi waliiga mapigo, na hawakuishia hapo: waliyarudia hata maneno.

Kwa wiki moja, jisikilize. Unamkatiza mwenzako maneno? Unasema "Wewe kila siku..."? Watoto wakiwa mezani unamjadili mtu kwa kejeli? Huhitaji kuwa mkamilifu. Unahitaji kurekebisha makosa yako mbele yao. Ukimfokea mtoto, rudi kwake siku hiyohiyo umwambie: "Nilikufokea ulipomwaga maji. Nilikuwa nimechoka, lakini hukustahili kufokewa. Samahani. Kesho nikichoka nitakwambia kwamba nimechoka." Kuna wazazi wanaoogopa kwamba kumwomba mtoto radhi kunapunguza hadhi yao. Mimi naona mtoto ambaye hajawahi kuombwa radhi hana pa kujifunzia namna ya kuomba.

Hatua ya pili: maneno ya hisia, siku za amani

Muulize mtoto wa kawaida anajisikiaje, atakujibu "vizuri" au "vibaya". Kwa maneno mawili hayo hawezi kueleza ugomvi. Kiswahili kina akiba kubwa, tuitumie: ameudhika, amekereka, ameona wivu, ameaibika, ameonewa, ametengwa, amevunjika moyo, amechoka, ana hamaki. "Nimeona wivu" na "nimeonewa" ni mambo mawili tofauti, na tiba zake ni tofauti.

Yafundishe mnapotembea, mnapokunja nguo, mnaposimuliana hadithi kabla ya kulala. "Sungura alipoachwa peke yake, alijisikiaje? Alikasirika, au alijiona ametengwa?" Usiyafundishe wakati wa kilio. Akiwa amekasirika yataje kwa kifupi, kama kumwonyesha njia: "Naona umeaibika walipokucheka." Ukikosea atakurekebisha mwenyewe: "Hapana! Nimekasirika!" Hapo tayari ametumia neno badala ya ngumi.

Neno lenyewe hutuliza. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti wa picha za ubongo za watu wazima. Washiriki walipochagua neno la kuitaja hisia iliyo kwenye picha ya uso, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, inayohusika na hofu na tahadhari, ilipunguza kasi.

Hatua ya tatu: kupoa kwanza

Hakuna anayesuluhishwa akiwa anatetemeka. Mfundishe kuutambua mwili wake: ngumi zimekunjwa, meno yamebana, masikio yana moto, sauti imepanda. Kila mtoto ana dalili yake ya kwanza. Ya mwanangu mdogo ni mabega, huinuka hadi karibu na masikio. Siku hizi namwambia "Mabega" tu, na anaelewa.

Kisha mpe la kufanya. Kuvuta pumzi kwa hesabu ya 3 na kuitoa polepole kwa hesabu ya 5 huwasaidia wengi. Wengine huhitaji kunywa maji, kukimbia uani au kukumbatia mto. Na umpe sentensi ya kuondokea: "Nimekasirika. Naenda kupoa, nitarudi."

"Nitarudi" ndilo neno lenye uzito katika sentensi hiyo. Kuondoka bila kurudi ni kususa, na kususa huumiza kama tusi. Kwa hiyo aliyekwenda kupoa arudi, hata kama ni baada ya nusu saa, na mtu mzima ndiye wa kuhakikisha. Wala usiigeuze kona ya kupoa kuwa adhabu. Ukimpeleka mtoto pale kwa kumburuta, kesho hatakwenda kwa hiari.

Hatua ya nne: kusema bila kushambulia

Hapa ndipo pa kukaa zaidi. Mwanasaikolojia wa Marekani Thomas Gordon, aliyeanzisha darasa lake la kwanza la wazazi huko California mwaka 1962, alisisitiza kwamba mtu aeleze lililomsibu yeye badala ya kumtolea mwenzake hukumu. Msemaji anajisemea mwenyewe, hamsemei mwingine.

Kwa Kiswahili jambo hili ni rahisi kumwonyesha mtoto, kwa sababu mtendaji amekaa mwanzoni mwa kitenzi. Mwambie asikilize silabi ya kwanza. "Umeniharibia!" "Unanionea!" "Una roho mbaya!" Zote zinaanza na u-, na kila u- ni kidole kinachomnyooshea mwenzake. Sasa alinganishe na "Nimeumia." "Sijapenda." "Nataka zamu yangu." Watoto wa shule ya msingi huupenda mchezo huu wa kuwinda silabi. Wangu walinikamata mimi kwa wiki nzima.

Kuna mtego wa kuwaonyesha. "Naona wewe ni mchoyo" inaanza na na-, lakini ndani yake kuna tusi lililovikwa kanzu. Kipimo ni hiki: je, sentensi inamwambia mwenzako alivyo, au inamweleza kilichotokea? "Mchoyo" ni hukumu juu ya mtu. "Nimeomba mara mbili sijapewa" ni kilichotokea, na hakuna anayeweza kukibishia.

Sentensi kamili ina vipande vitatu: kilichotokea, nilivyojisikia, ninachoomba. "Daftari langu limechorwa. Nimekereka kwa sababu ni la shule. Naomba uniulize kabla hujalichukua." Mtoto mdogo atasema kimoja au viwili, na inatosha.

Angalia lile neno "limechorwa". Kiswahili kinaturuhusu kueleza jambo bila kumtaja aliyelifanya: limechorwa, kimevunjika, imepotea. Kwa anayelalamika hiyo ni baraka, maana anafungua mazungumzo bila kurusha shutuma. Kwa aliyekosa ni maficho. Sote tumewahi kuambiwa "Kikombe kimevunjika tu", kana kwamba kilijirusha chenyewe. Kwa hiyo fundisha vyote viwili. Anayelalamika aanze na "kimevunjika". Aliyevunja aende hadi "nimekivunja". Mtoto anayeweza kusema "nimekivunja" bila kutetemeka amepiga hatua kubwa kuliko zote humu, na ataweza kusema hivyo pale tu ambapo hajazoea kuangukiwa na radi kila anaposema kweli.

Sauti pia. "Naomba uniachie" inayosemwa kwa kubana meno ni tishio. Mwache airudie sentensi ileile kwa sauti tatu, ya kufoka, ya kunong'ona na ya kawaida, kisha akuambie yeye angeijibu ipi.

Hatua ya tano: kusikiliza hadi mwisho

Kwa watoto wengi hii ni ngumu kuliko kusema. Chukua kitu chochote kinachoshikika, jiwe laini au kijiti. Anayekishika anasema, asiyekishika anasubiri. Akimaliza, mwenzake anarudia alichosikia kabla ya kujibu: "Umesema umekereka kwa sababu ni la shule. Ni hivyo?" Akipata "ndiyo", kijiti kinahamia kwake.

Waeleze waziwazi kwamba kurudia maneno ya mtu hakumaanishi kuyakubali. Watoto hukataa zoezi hili kwa sababu wanadhani wakirudia wameshindwa.

Hatua ya sita: uliza "kwa nini unakitaka?"

Mwaka 1925 Mary Parker Follett, mwandishi wa Marekani aliyechambua sana migongano, alieleza kisa kidogo kilichomtokea katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard. Mtu mmoja alitaka dirisha lifunguliwe, yeye alitaka lifungwe. Walifungua dirisha la chumba cha pili ambacho hakikuwa na mtu. Mwenzake alitaka hewa, siyo dirisha lile hasa. Yeye hakutaka upepo umpige moja kwa moja. Hakuna aliyepoteza chochote, wala hawakugawana nusu kwa nusu.

Sisi wazazi hukimbilia nusu kwa nusu, au "mwachie mdogo wako". Nusu kwa nusu ina mahali pake. "Mwachie mdogo wako" ikisemwa kila mara humfundisha mkubwa kwamba kuzaliwa mapema ni kosa, na humfundisha mdogo kwamba kulia kunalipa.

Kwangu ilitokea hivi. Lilikuwepo boksi moja kubwa la kadibodi. Binti wa miaka 8 amelishika upande mmoja, mdogo wake wa miaka 5 upande mwingine, linakaribia kuchanika. Nilikaa sakafuni, chini kama wao.

"Naona boksi moja na watu wawili wenye hasira. Nitalishika mimi. Hakuna atakayelichukua mpaka tumalize."

"Ni langu! Mimi ndiye nililiona!"

"Mabega," nilimwambia mdogo. Alivuta pumzi, akatoa, akavuta tena. Nilisubiri. Kimya kile kilikuwa kirefu na nilitamani kukijaza, lakini niliuma ulimi.

"Dada, anza. Nini kimetokea?"

"Nimelikuta mlangoni, yeye akaja akalivuta. Nimeudhika. Nalihitaji."

"Kaka, dada amesema nini?"

"Amesema analihitaji. Lakini na mimi nalihitaji!"

"Wewe unalitaka la nini?"

"Nataka kuingia ndani. Ni gari. Anisukume."

"Na wewe, dada?"

"Nataka kukata ramani ya shule. Nataka kadibodi iliyonyooka."

Nilinyamaza tena. Macho ya binti yalikwenda kwenye zile mbawa nne za juu zinazofunika boksi. "Mama, nikikata hizi za juu tu?" Mdogo alizitazama kwa mashaka. "Gari halitavunjika?" "Litakuwa halina paa," dada yake alijibu. "Magari mengine hayana paa." Alikubali, kwa sharti kwamba kwanza asukumwe mara mbili.

Ilichukua dakika kama saba. Kwa uhakimu ningemaliza kwa moja, kisha ningeitwa tena mara nne kabla ya jioni.

Katika mazungumzo yale sikuuliza nani kaanza. Sikuleta suluhisho, ingawa nililiona mapema. Na nilikishika kitu chenyewe, kwa sababu anayekishikilia hana haraka ya kusikiliza.

Kuhusu samahani

"Mwambie mwenzako samahani!" Mtoto anainamisha kichwa, anainong'ona, na anaondoka akiwa na hasira zaidi. Amejifunza kwamba samahani ni nauli ya kutokea chumbani. Sipendekezi kuilazimisha. Badala yake muulize, akishapoa: "Nini umefanya? Kimemfanyaje mwenzako? Sasa utafanya nini?" Jibu la tatu ndilo lenye thamani: kusaidia kujenga upya kilichobomolewa, kufuta, kukaa naye. Mara nyingi neno lenyewe huja baada ya kitendo. Na "Samahani kama umeumia" si kuomba radhi, kwa sababu kosa limebaki halina mwenyewe.

Aliyekosewa naye asilazimishwe kusamehe papo hapo. Anaweza kusema, "Nimekusikia, bado nimeumia."

Pasiposuluhishwa kwa mazungumzo

Hatua hizi ni za watu wenye nguvu zinazokaribiana. Uonevu ni jambo jingine: mmoja ana nguvu zaidi, anarudia, na anakusudia kuumiza. Ukiona anayeshindwa ni yuleyule kila siku, anaogopa kwenda mahali fulani, au vitu vyake vinapotea bila maelezo, usiwakalishe wawili hao ana kwa ana eti wasikilizane. Mlinde kwanza aliyeonewa, na uongee na mwonevu kando.

Na mtu yeyote, mdogo au mkubwa, anapogusa mwili wa mtoto kwa namna asiyoitaka, adabu ya sauti haipo tena. Apige kelele, akimbie, aseme. Mwambie hivyo kwa maneno yasiyo na mafumbo, na urudie.

Wafundishe pia tofauti ya kusemelea na kutoa taarifa. Anayesemelea anataka mwenzake aingie matatani. Anayetoa taarifa anataka mtu atoke kwenye hatari.

Akipingana na wewe

Kama unataka mtoto aweze kutokukubaliana kwa heshima, ajaribu kwako kwanza, mahali penye usalama. Mpe sentensi: "Naomba kusema kabla hujaamua." Akiitumia, acha ulichoshika umsikilize. Bado unaweza kukataa, na umwambie sababu. Ila angalau mara mojamoja maneno yake yabadilishe uamuzi wako, la sivyo ataona sentensi ile haina kazi na atarudi kwenye kubamiza milango.

Kwa wenye simu, sheria yangu ni fupi: ujumbe wa hasira unaandikwa, unasomwa kwa sauti, kisha unasubiri hadi kesho. Ugomvi wa wawili hausuluhishwi mbele ya kundi zima.

"Nimemwambia vizuri na bado amekataa"

Hili litakuja, pengine wiki ya kwanza. Mtoto ametumia sentensi yake yote, kwa sauti nzuri, na mwenzake amemcheka. Usimwambie "Rudi ukaongee naye tena." Usimwambie pia kwamba ukisema vizuri watu watakusikiliza daima, kwa sababu si kweli na atagundua. Mwambie kwamba maneno mazuri ni ombi, na ombi laweza kukataliwa. Ana njia tatu zaidi: aseme mara ya pili kwa kifupi na kwa uthabiti, "Nimesema sitaki", aondoke akacheze na wengine, au amwite mtu mzima.

Akija kwako, kabla ya yote muulize: "Ulimwambiaje?" Kisha msikilize akikurudia neno kwa neno.